Mwalimu wa fizikia milioni 4, mwalimu wa Kiswahili milioni moja na kidogo. Nani alipima?

Wakuu, nimenyamaza tangu 2022. Leo nasema.

Nafundisha Kiswahili sekondari ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda. Shahada ninayo, na huu ni mwaka wangu wa 14 darasani. Kuna kijana nilimfundisha mwenyewe akiwa S2, yaani kidato cha pili, akasoma, akarudi shuleni kwetu kufundisha fizikia. Tunakaa meza moja, chai tunamiminiwa kutoka birika moja. Mwezi ukiisha yeye anapokea milioni 4, mimi milioni moja na kidogo. Simlaumu, kazi anaijua na heshima anayo. Ila nataka kujua ni nani aliyekaa akapima kazi zetu akaona ya kwake inazidi yangu karibu mara nne. S1 peke yake nina watoto 110, na insha zao zote nasahihisha kwa mkono, usiku, baada ya wanangu kulala.

Juni 2022 walimu wa masomo ya sanaa tuliweka chaki chini nchi nzima. Jibu la serikali likawa: sayansi kwanza, nyinyi subirini. Julai tukarudi darasani mikono mitupu. Na Julai hiyohiyo baraza la mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili, lugha rasmi ya Jumuiya, kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari! Somo ni la lazima, anayelifundisha asubiri. Mpaka lini?

Tena afadhali sisi, tuna ngazi ya mshahara iliyoandikwa. Getini kwetu kuna mlinzi wa kampuni moja ya binafsi. Analinda saa 12, usiku kucha, mvua yake jua lake. Aliniambia, "Mwalimu, wakishakata sare na buti, nabaki na laki moja na themanini." Kodi ya chumba itoke humo, unga wa posho humo, ada humo. Nikamuuliza kwa nini hashtaki. Ashtaki kwa sheria gani? Kima cha chini cha mshahara kisheria Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984, kabla hata fedha haijakatwa sifuri mbili mwaka 1987. Mwajiri yeyote anakiruka bila kujikwaa. Lakini serikali hiyohiyo ilijua kukaa chini mwaka 2012 ikaandika kwamba mshahara ukipita 235,000 ukatwe kodi. Hesabu ya kukata waliiweza. Ya kulipa imewashinda.

Hatua chache kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka, Kenya ina amri za mishahara zinazotaja kazi moja moja, na mlinzi wa usiku ana mstari wake humo. Tanzania nayo inapanga kwa sekta: kilimo chake, migodi chake, kazi za nyumbani chake. Najua waajiri wengine huko wanazikwepa. Lakini mfanyakazi ana karatasi ya kushika akienda kulalamika. Huyu wetu atashika nini?

Na msiniambie haijawahi kufikiriwa. Bodi ya ushauri iliundwa 2015, ikapendekeza 136,000. Mswada wa kupanga kima cha chini sekta kwa sekta ulipita bungeni Februari 2019. Rais akakataa kuutia saini, akasema sheria iliyopo inatosha. Sheria iliyopo ndiyo hiyo ya 6,000! Nilipolisoma hilo nilishindwa kula.

Sasa nauliza wabunge wetu wa wafanyakazi, nyinyi watano mnaokaa bungeni kwa jina letu, maana najua humu jukwaani mnapita: mswada ule mmeulaza wapi? Jibuni hapahapa, na yule mlinzi asome. Simu anayo, usiku yuko macho.