Skini kwa mwenye hipsi pana na kiuno chembamba: haiwesti, mtumba mzito au jegingi?

Mwana_wa_Temeke
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri kabla sijatupa hela tena. Kiuno changu inchi 30, hipsi inchi 44, mapaja ndiyo usiseme, halafu kuanzia gotini kushuka miguu ni ya kuku. Urefu wangu futi 5 na inchi 3. Ofisini kwetu Ijumaa jinzi ni ruksa, na mimi nimechoka kuvaa sketi ileile kila wiki kama mwanakwaya.

Nina skini tatu kabatini na hakuna hata moja ninayoivaa kwa raha.

Ya kwanza ni haiwesti (ya kiuno cha juu) ya dukani Kariakoo, 35,000. Inavutika kama soksi. Asubuhi inanikaa mpaka najipenda, ikifika saa nane mchana magoti yamevimba kama nimeficha maembe, na makalioni kumelegea.

Ya pili mtumba wa Karume, 12,000. Kitambaa kizito, kiuno cha kati, mapajani imetulia. Shida ni kiunoni kwa nyuma: mkono mzima unaingia. Nikikaa kwenye daladala kazi yangu ni kuvuta blauzi mpaka nashuka.

Ya tatu jegingi, ile legingi yenye sura ya jinzi, 15,000. Raha tupu, ila mdogo wangu kaniuliza kama naenda mazoezini.

Mwenye umbo kama langu anavaa ipi kati ya hizi? Au niachane na skini nirudi kwenye sketi yangu?

Njiti_wa_Sakina
Dada wewe unalia mapaja, mimi natafuta hata ya kukodi. Ngoja waje wenye utaalamu, nami nina langu.

FundiNgosha
Mimi ni fundi, mwaka wa 17 huu niko kwenye cherehani Ilala. Nikwambie ukweli dada: hiyo ya pili ndiyo suruali. Hizo mbili nyingine za mpira umeazima tu, siku zake zikiisha zinaondoka.

Chati nyingi za vipimo huko zinakoshonwa zinakadiria hipsi imezidi kiuno kwa inchi 9 au 10 hivi. Wewe imezidi 14. Ndiyo maana ukinunua ya kiuno haipandi mapajani, na ukinunua ya mapaja kiuno kinapwaya. Huna kasoro yoyote, hukupimwa wewe. Sasa kupunguza kiuno ni kazi ya nusu saa, lakini paja lililobana hakuna fundi anayeweza kuliongezea kitambaa likabaki skini. Siku zote nunua ya mapaja, kiuno tuachie sisi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Nafumua mkanda wa kiunoni kwa nyuma, natoa kile kishikio cha kati cha kupitishia mshipi, halafu nafumua mshono wa katikati ya makalio kushuka kama inchi 5 au 6. Natoa kitambaa kwa pembe: juu pana, chini inaishia kwenye sifuri. Narudisha mistari yangu miwili kwa uzi mnene wa rangi ya haradali, mkanda juu, kishikio mahali pake. Inchi 2 zinatoka na hakuna atakayejua. Ukinilazimisha inchi 3 kwa njia hiyo peke yake, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana kama macho ya makengeza, kwa hiyo hapo nagawanya, nyingine natoa pembeni.

Fundi anayekunja mkanda na kupiga mshono juu kwa juu, mkimbie. Ile nundu utaikalia mpaka uichukie suruali.

Kuhusu miguu ya kuku (maneno yako hayo, siyo yangu): ukitaka ibane kuanzia gotini, sema zibanwe pande zote mbili. Kwenye jinzi nyingi mshono wa ndani umelaliana na kupigwa mistari miwili, kuufumua ni adhabu, hivyo mafundi wavivu wanabana wa nje tu. Ukishafua mara mbili tatu mguu unajisokota, unakuta mshono wa pembeni umehamia mbele ya ugoko. Wanawake wengi wananiletea suruali ya namna hiyo wakidhani ni kitambaa kibovu.

Bint_Kisauni
Fundi heshima yako, lakini hapo kwenye mpira tutabishana. Mimi niko Mombasa, longi zangu nanunua Kongowea, na umbo ni kama la dadangu hapo juu. Jinzi isiyovutika hata kidogo kwa mwenye mapaja ni mateso. Ukichuchumaa kuwasha jiko unasikia mshono ukikusalimia.

Angalia kile kitambulisho cha ndani ubavuni. Pamba 98, elastani 2, hiyo ndiyo yangu. Elastani ndiyo huo mpira; spandeksi na Lycra ni kitu kilekile, Lycra ni jina la biashara tu. Ukiona pamba imeshuka sana, poliesta imejaa, na elastani imepanda, mimi naiweka pembeni, kwangu inavutika kupita kiasi.

Na kwa mtumba kitambulisho hakitoshi, huenda aliyeivaa kwanza alishaiua. Mimi nashika kitambaa cha gotini kwa mikono miwili, navuta kwa upana, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kikirudi chote nalipa. Kikibaki na uvimbe nairudisha kwenye rundo hata kama muuzaji ananuna. Mara nyingi ananuna.

Jambo jengine, elastani haipendi moto wala klorini. Maji baridi, igeuze ndani nje, anika kivulini, pasi ya mbali. Wangapi hapa wanaichemsha jinzi kwa maji moto kisha wanasema ya mtumba haidumu?

Juu ya haiwesti mimi niko upande wako dada, ila si hiyo ya soksi. Tafuta haiwesti ya kitambaa kizito chenye hizo asilimia mbili. Kiuno cha juu kinashika pale palipo pembamba, hakitegemei hipsi kukizuia. Sisi wengine juu yake kuna buibui, hakuna anayeona kitu, lakini joto la Februari linaona.

Kibonge_wa_Kirumba
Samahani dada kwa kuingilia uzi wako. Na sisi wanaume wenye kitambi je? Kiuno 40 chini ya tumbo, 44 juu yake. Miguu ya kawaida. Nikivaa skini naambiwa nafanana na koni ya askirimu.

Mama_Wawili
Koni 😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka.

FundiNgosha
Mkuu Kibonge, waliokwambia hawakukosea. Kosa la kwanza la wenye kitambi ni kushusha suruali chini ya tumbo ili waendelee kujiita 40. Ikishuka, msamba nao unashuka, mapaja yanakunjana, na mbele tumbo linalala juu ya mkanda. Chukua suruali ambayo urefu wake kutoka msamba hadi kiunoni ni mkubwa, uivae kwenye kitovu, ukubali namba yake. Mguu usiwe skini. Uwe wa kunyooka, kisha upungue kidogo tu kuanzia gotini. Rangi iliyokoza, isiyo na ile michubuko myeupe mapajani. Michubuko ile inamvuta mtazamaji palepale usipopataka.

Njiti_wa_Sakina
Sasa zamu yangu. Futi 6 na inchi 2, kiuno 29. Enzi za modo (skini hizihizi) nilikuwa nazo rangi zote, hadi nyekundu. Picha moja ya kipaimara cha mdogo wangu ndiyo iliyoniponya: nimesimama na viatu vyeupe vikubwa, korongo mtupu aliyekanyaga mabeseni mawili.

Kwa sisi njiti adui ni mpira. Ukivaa kitambaa kinachovutika kinakutangaza mfupa kwa mfupa. Nilichokuja kugundua ni kwamba slimu si skini. Kwa wanaookota Levi's mtumbani, angalieni namba: 510 ni skini, 511 ni slimu. Mimi 511 ya kitambaa kigumu inanipa hewa kidogo pajani na watu wanadhani nimeanza kula. Tena W29 L34, maana W ni kiuno na ile L ndiyo urefu wa mguu kwa ndani kwa inchi, na wauzaji wengi wanakuuzia W peke yake. L30 kwangu ni kaptula ya heshima.

Mama_Wawili
Niongeze kwa waliojifungua kwa upasuaji, hili halisemwi. Skini ya kiuno cha kati au cha chini, mkanda wake unakaa sawasawa na kovu. Ukishinda nayo ofisini jioni panawasha na kuuma. Mimi mtoto wa kwanza nilidhani kidonda kimerudi, kumbe suruali. Haiwesti inapita juu ya kovu, hapo imenisaidia. Lakini jaribu ukiwa umekaa, siyo umesimama mbele ya kioo. Kifungo chake kinakuja kitovuni na ukila ugali unajuta.

Jegingi nazitetea kidogo. Mtoto akiwa mdogo, wa kubebwa na kuinamiwa kila saa, hakuna suruali nyingine. Ila vaa na kitu kirefu kinachofunika makalio. Dada Mwana, mdogo wako alikuuliza vile kwa sababu ya blauzi fupi, nina uhakika.

Mwana_wa_Temeke
@Mama_Wawili umejuaje 🙈

KijanaWaMjini
Skini mwaka gani huu jamani? TikTok walishazizika 2021. Vaeni bagi, suruali pana, mpumue.

Bint_Kisauni
Walizozizika huko ndizo zinazofukuliwa huku kwenye belo, mdogo wangu. Bei ndiyo imetufurahisha.

Sista_wa_Zamu
Mimi ni nesi, sitaki kuharibu stori ila nitasema. Kama unavua suruali jioni na pajani upande wa nje kuna ganzi au panachoma kama pilipili, usipuuze. Kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na ule mfupa wa nyonga wa mbele, mkanda ukibana pale kila siku unaukandamiza. Mara nyingi kuacha kubana kunatosha.

Na kuchuchumaa muda mrefu na skini ni habari nyingine. Mwaka 2015 madaktari wa Adelaide, Australia waliandika kisa cha mama wa miaka 35 aliyeshinda amechuchumaa akimsaidia ndugu kuhama, anatoa vitu makabatini. Jioni miguu ikafa ganzi, akaanguka njiani akalala pale masaa. Misuli ya miguu ilikuwa imevimba mpaka jinzi ikabidi ikatwe kwa mkasi. Siku nne hospitali. Alipona, lakini jiulize wangapi kwetu wanafua, wanapalilia na kuosha vyombo wakiwa wamechuchumaa. Siku ya usafi vaa dera, skini iache Ijumaa.

Fangasi sitazieleza, joto letu mnalijua.

Kibonge_wa_Kirumba
Sista umenifanya nifungue kifungo hapahapa kwenye kiti.

FundiNgosha
Bint Kisauni, nimekubali asilimia mbili. Tatu sikubali.

Mwana_wa_Temeke
Wadau nimerudi na mrejesho. Sikufika kwa fundi wa Ilala, nimekwenda kwa mama mmoja hapa mtaani mwenye cherehani ya miguu. Nimembebea ule mtumba wa 12,000. Kwanza nikaangalia kitambulisho: pamba 99, elastani 1. Nikavuta goti, nikahesabu kumi, likarudi lote. Kumbe nilikuwa na mali ndani nikaitupa chini ya kapu.

Mama alitaka kukunja mkanda juu kwa juu. Nikamwambia hapana mama, fumua kishikio cha nyuma. Akaniangalia kwa juu ya miwani, akauliza, "Na wewe unashona?" Nikasema nasoma tu. Ametoa inchi 2 katikati na moja ameigawa pembeni, kwenye ugoko kabana kidogo ndani na nje, upindo kakata pale mfupa wa kifundo unapoanza ili isijikunje chini. 6,000 yote. Uzi wa haradali hakuwa nao, katumia wa kahawia, ukiinama karibu sana unaona.

Haiwesti ya soksi kaichukua mdogo wangu, yeye ni njiti, kwake haivimbi kitu. Jegingi imehamia kwenye nguo za nyumbani.

Jana Ijumaa nimekaa kwenye daladala Mbagala hadi Posta, foleni kama kawaida, na sikuvuta blauzi hata mara moja.

Njiti_wa_Sakina
Mdogo wako ni njiti? Kiuno ngapi?

Mwana_wa_Temeke
Kaka, uzi ni wa suruali.