Ameifanya diski ya kwanza ya Creedence kisahani cha chai. Mnamjua, sitamtaja

Gitaa Kavu:

Wakuu, salaam. Naandika mikono ikitetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe. Ametoka hapa kwangu haijapita nusu saa. Kikombe bado kiko mezani na sijakigusa. Nakiacha kiwe ushahidi.

Sitamtaja, hakuna haja. Ni yule yule. Yule aliyemfundisha mpishi wa harusi kukata vitunguu wakati pilau imeshapakuliwa. Yule ambaye siku ya kiama atasimama kwenye foleni akiwaambia malaika kwamba kwao foleni huwa zinakwenda haraka zaidi. Mmeshamjua.

AMEWEKA KIKOMBE CHA CHAI YA MAZIWA JUU YA DISKI YA KWANZA.

Nianze mwanzo. Nina lile kasha la Creedence Clearwater Revival, bendi ya rock ya Marekani, lililotoka 2001, diski (CD) sita na kitabu chake ndani. Mle wamo wote tangu wakiwa vijana wadogo. Walianza 1959 wakiwa wanafunzi hapo El Cerrito, wakajiita Blue Velvets. Baadaye kampuni yao ikawabandika jina la Golliwogs, jina la mwanasesere wa kuwadhihaki watu weusi, aibu tupu, nao wenyewe hawakulipenda. Mpaka 1968 ndipo wakawa Creedence. Hiyo ni karibu miaka kumi ya kusota, na miaka hiyo yote imewekwa kwenye diski ya kwanza. Hiyo hiyo.

Basi nimemkaribisha, chai ipo, mandazi yapo. Nikaitoa diski nimsikilizishe, nikailaza juu ya jalada lake, nikaenda jikoni mara moja tu kuongeza mandazi. Narudi, nasikia "tak." Kikombe juu ya diski. Upande unaong'aa!

Nikamwambia, "Kaka, hiyo diski!" Akanijibu mbele ya mke wangu: "Si ndiyo ile ambayo hakuna mtu anayeisikiliza? Nyimbo zao za maana ni 20 tu, ziko kwenye ule mkusanyiko wa 1976. Hizi nyingine ni za kujazia kasha." Akanyanyua kikombe. Akapiga funda. AKAKIRUDISHA PALE PALE.

Mara ya kwanza ningemsamehe, binadamu huteleza. Lakini kukirudisha? Umeshaambiwa, umeshaona kuna diski, umeshanyanyua, halafu unalenga tena katikati kama rubani anayetua Zanzibar?

Na hakuishia hapo. Nafuta diski kwa shati langu, yeye anaendelea kuhubiri kwamba hao ni watoto wa mabwawani Louisiana, ndiyo maana muziki wao una matope. Louisiana! Mimi nakaa Richmond, El Cerrito ni jirani yetu hapa, naweza kwenda kwa miguu. Hawa ni watoto wa California, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco: John Fogerty, kaka yake Tom, Stu Cook wa besi na Doug Clifford wa dramu. Yale mabwawa yote ya kwenye nyimbo yalitoka kichwani mwa John. Ndiyo maana diski ya kwanza si ya kujazia. Mwanzoni mwimbaji alikuwa Tom! Unasikia kabisa jinsi mdogo mtu anavyoingia kwenye kipaza sauti taratibu, bado hana ile sauti ya kukwaruza, anaitafuta. Halafu 1969 peke yake wakatoa albamu tatu. Mnadhani zilianguka kutoka mbinguni? Zilitoka kwenye diski ambayo leo imewekewa kikombe.

Duara la maziwa na sukari liko pale, limekauka. Naomba kuuliza, chai ya maziwa inatolewaje kwenye diski bila kuikwaruza? Na mtu kama huyu, mnamfungulia tena mlango?

Nawasilisha.

Kipepeo wa Pangani:

Nimetandika mkeka hapa mbele. Endeleeni.

Ngoja Nione:

Hii ni chai.

Gitaa Kavu:

Mkuu, si chai, ni kweli tupu. Yaani chai ilikuwepo, ndiyo ninayoilalamikia.

Ngoja Nione:

Umekiri mwenyewe. Chai yenye maziwa.

Mizani:

Pole mkuu, ila jamaa kasema ukweli na ndio umekuuma. Mkusanyiko wa 1976 unatosha kabisa, nyimbo 20 na hakuna hata mmoja wa kuruka. Hao Blue Velvets nimewasikiliza mara moja maishani. Kwaya iliyokimbiwa na mwalimu.

Mama Wawili, Muscat:

Mimi bendi siijui ila nauliza jambo moja. Chai imeletwa mezani bila kisahani? Mgeni ulitaka akiweke wapi, kichwani? Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua kikombe kinatembea na kisahani chake. Mlaumu aliyeandaa.

Gitaa Kavu:

Dada yangu, visahani vilikuwepo! Viwili! Kimoja aliweka andazi lililoumwa nusu. Alikuwa na kisahani, alikuwa na meza nzima, alikuwa na goti lake mwenyewe. Akachagua diski. Na nilipomwambia akakirudisha pale pale. Hili mbona mnaliruka?

Santuri za Tanga:

Huyo mtu namjua na mimi ana deni langu. Nilikuwa na ile albamu yao ya jukwaani iliyotoka 1980, jalada limeandikwa Royal Albert Hall, ule ukumbi wa London. Kila mgeni namwambia, "Sikiliza makofi ya Waingereza, sikiliza adabu ile." Siku moja kaja yeye, sebule imejaa, wakwe zangu wamo. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe ile ilirekodiwa Oakland, Januari 1970! Walichanganya kanda, baadaye ikabidi waibadilishe jina. Makofi niliyoyasifia miaka yote ni ya Oakland. Ya London yenyewe yamekuja kutolewa 2022. Mimi najua alikuwa sahihi. Lakini mbele ya baba mkwe? Angeninong'oneza.

Ngoja Nione:

Makofi ya Waingereza 😂😂 nimelala chini.

Mdau wa Pembeni:

Ngoja nielewe. Bendi hii mnayoililia si ndiyo haijawahi kushika namba moja kwenye chati kuu ya singo kule Marekani? Mara tano wamefika namba mbili wakagota. Kumbe tunazungumzia washindi wa pili. Kikombe kimekaa mahali pake.

Gitaa Kavu:

Mkuu, hapo umenigusa pabaya. Mara tano namba mbili ndani ya miaka miwili hivi, kwa nyimbo ambazo mpaka leo bado zinapigwa redioni, na hizo namba moja za wakati huo nusu yake hakuna anayezikumbuka.

Na nyie mnaosema diski ya kwanza ni ya kujazia, hebu nisikilizeni. Tom aliondoka 1971 kwa kuchoka kukaa chini ya mdogo wake. Bendi ikafa 1972. Tom mwenyewe akafariki 1990, ndugu hawajapatana. 1993 wanaingizwa kwenye jumba la heshima la rock, John akakataa kupiga muziki na Stu na Doug, akapiga na watu wengine, wenzake wakaachwa nje. Sasa niambieni, ni wapi tena utawapata hawa wanne wakiwa hawana cha kugombania, hawana hela, hawana mawakili, vijana tu wanaotafuta wimbo? Ni pale. Ile diski ndiyo nyumba yao kabla haijaungua. Ndiyo hiyo aliyonyanyulia kikombe, akanywa, akakirudisha.

Kipepeo wa Pangani:

Hapa kwenye ndugu umenishika kaka. Nimekunja mkeka kidogo.

Wakili wa Mtaani:

Ukitaka dhuluma ya kweli nikupe. John Fogerty alishtakiwa kwamba wimbo wake mpya umeiga wimbo wa Creedence. Wimbo wa Creedence ulitungwa na nani? John Fogerty! Kisa haki za ule wa zamani zilikuwa mikononi mwa kampuni. Ikabidi aende na gitaa mpaka kizimbani, awapigie wazee wa baraza wasikie jinsi anavyotunga. Akashinda, kisha akapigania gharama za mawakili mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, 1994. Mtu kashtakiwa kwa kujiiga mwenyewe, wewe unalia duara la maziwa?

Mizani:

Hii kali. Yaani mimi nikipika ugali wa leo nishtakiwe na ugali wa jana.

Mkulima Nakuru:

Wacheni niwaambie ya kwetu. Babangu alikuwa na kanda tatu za Jim Reeves, alizitunza kama hati ya shamba. Mjomba akaja kutoka ushago na redio kaseti, akarekodi mahubiri juu ya zote tatu. Jumapili mzee anaweka kanda, anangoja Jim Reeves, anasikia "Tubuni!" Hawakusalimiana hadi msimu wa mvua ukapita.

Mama Wawili, Muscat:

Wajomba hao! Wangu aliazima hotipoti langu la Eid, lile kubwa la maua ya buluu, akasema anapelekea wali msibani jioni moja. Mwaka wa tatu huu. Nilimwona nalo kwenye picha ya harusi, limejaa sambusa.

Santuri za Tanga:

Hotipoti la mtu? Hiyo sasa ni jinai.

Kipepeo wa Pangani:

Mimi wifi yangu kachukua mfuniko peke yake. Mfuniko! Chungu kaniachia.

Gitaa Kavu:

Jamani, mbona tumehama? Niliuliza chai ya maziwa inatolewaje kwenye diski. Imekauka. Na nimepata ujumbe sasa hivi, anasema kesho anapitia kuchukua mandazi yaliyobaki.

Wakili wa Mtaani:

Dada wa Muscat, hilo hotipoti ulimkabidhi mbele ya shahidi?

Mama Wawili, Muscat:

Shahidi ni mkewe, na ndiye aliyelishika kwenye picha.