Nadharia ya kompyuta, mtu aanzie wapi?

KijanaWaWete: Asalaam alaykum wadau, mie nipo Wete nimemaliza fomu siksi, kodingi kidogo naijua ila nikisikia nadharia ya kompyuta naona giza tu, hivi ni kitu gani na asiyekuwa mkali wa hesabu anaiweza kweli?

MzeeWaDarajani: Waalaykum salaam. Yakhe kompyuta iache kwanza, shika karatasi. Una mikate ya kupeleka maduka 10 mjini, Darajani, Malindi, Mkunazini, Shangani huko, unataka mzunguko mfupi kuliko yote. Mipangilio ipo 3,628,800, na yakiwa maduka 20 inapita trilioni milioni 2, ukijaribu mmoja mmoja mikate ishaota ukungu. Nadharia ndo inauliza, ugumu uko kwetu hatujui njia au uko kwenye swali lenyewe?

DadaShangani: Mikate imenimaliza 😂 ila kuna maswali si suala la spidi kabisa. Alan Turing, Muingereza, mwaka 1936 alithibitisha hakuna programu moja inayoweza kutazama programu yoyote ile na kusema kila mara bila kukosea kama itafika mwisho au itazunguka milele. Na kompyuta hizi zilikuwa bado hata hazijaundwa!

KijanaWaWete: Duh. Na hiyo ya mikate keshapatikana mtu?

MzeeWaDarajani: Njia ya haraka ya kila hali bado, wala hajatokea wa kuthibitisha kuwa haipo. Taasisi ya Clay, ya wanahesabu kule Marekani, imeweka dola milioni 1 tokea 2000 kwa atakayemaliza ubishi huo, wanauita P na NP: P ni maswali yanayotatulika haraka, NP ni yale ambayo ukiletewa jibu unalihakiki haraka, ubishi ni kama hayo mawili ni kitu kimoja. We anza na maduka 4, ziandike njia zote 24 kwa mkono kisha rudi hapa.