Kidari cha ng'ombe kwenye oveni kimetoka kigumu kama kandambili, na baba mkwe anakuja

BintiKagera
Wadau, habari zenu. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimeolewa huku Kampala, tunakaa Kisaasi. Jumamosi ya wiki ijayo baba mkwe anakuja kutoka Mbarara. Mzee ni mfugaji wa ng'ombe wale wa pembe ndefu, nyama anaijua kuliko mimi ninavyojua senene. Tatizo ni kwamba magego yamebaki mawili, na nyama ya kusaga haitaki, anasema ni chakula cha mgonjwa.

Mume wangu aliwahi kula kidari cha oveni kwa rafiki yake, kimekatwa vipande vyembamba, anasema unakimega kwa uma. Basi Jumapili nami nikajaribu. Kilo 2, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, nikaweka kwenye trei wazi, nyuzi 200, saa moja na dakika 40. Kwa juu kilipendeza, kahawia safi. Kwa ndani, jamani! Mwanangu alianza kutafuna kipande tukiwa mezani, tukaosha vyombo bado anacho mdomoni. Nadhani nilikipitiliza kikakauka. Nipunguze hadi dakika ngapi? Oveni ni ya umeme, na Yaka yenyewe, huu umeme wetu wa kulipia kabla, mnaijua.

Presha Tu
Dada, presha kuka dakika 50, mambo kwisha. Oveni ni ya keki.

BintiKagera
Presha ninayo. Ila mle inatoka imechambuka, haikatiki vipande. Nataka nimkatie mzee mbele yake.

Mama Wawili
Papai bichi, mwanangu. Twanga, paka, acha usiku kucha. Hata ng'ombe kikongwe anasalimu amri.

Mpishi wa Ziwani
Mama Wawili, kwa mishikaki nakuunga mkono. Kwa kipande kinene cha kilo 2, hapana. Papai halifiki ndani. Ukiliacha usiku kucha, juu panakuwa uji na katikati panabaki vilevile.

BintiKagera, hukukipitiliza. Kilikuwa bado hakijaiva. Najua inashangaza kwa sababu kilikuwa kikavu, ila kukauka na kuiva ni mambo mawili. Kidari ni misuli ya kifua. Ng'ombe hana mtulinga kama sisi, kwa hiyo sehemu yake ya mbele, yenye zaidi ya nusu ya uzito wake wote, inashikiliwa na misuli, na hii ya kidari ni mojawapo. Anatembea nayo toka azaliwe. Imejaa kano, na kano haziogopi moto mkali, zinashindwa na muda. Nyama ikipita nyuzi 60 kwa ndani inajikunja na kukamua maji. Kano zenyewe zinaanza kulegea vizuri kuanzia 70 hivi, tena taratibu, zinageuka ule ute unaoganda kwenye supu ya molokoni, ile ya kwato za ng'ombe, ikipoa. Wewe ulitoa nyama ikiwa imeshapoteza maji na kano bado zimekaza. Yaani uliitolea mahali pabaya kuliko pote.

Nifanyavyo mimi: usiku wa kuamkia siku ya kupika napaka chumvi, kwa kilo 2 vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa, naweka kwenye friji bila kufunika. Asubuhi nakaanga pande zote kwenye sufuria ya moto hadi zishike rangi, maana ikishafunikwa haitapata rangi tena. Chini ya trei vitunguu maji vitatu vya duara, nyanya mbili, kikombe kimoja cha maji ya moto. Nyama juu yake, upande wa mafuta uangalie juu. Kisha foili mara mbili, ibane kingo zote, mvuke usipate pa kutorokea. Nyuzi 150. Usiifungue kabla ya saa tatu kupita.

Hapo chukua uma. Ukiingia na kutoka bila kuvutana, kama kwenye matoke yaliyoiva, imekuwa. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, ndani isome 90 hadi 95. Ikivutana, funika tena nusu saa, halafu nyingine. Watu wengi hukata tamaa kwenye saa ya pili, wakati ndipo nyama iko ngumu kuliko ilivyoingia. Ikishaiva iache imefunikwa dakika 40 ndipo ukate, na ukate kukingama na mistari ya nyama.

Kuhusu Yaka: oveni haivuti umeme muda wote. Ikishapata joto inazima na kuwaka. Yangu ni ya wati 2,000, niliwahi kusoma mita kabla na baada ya saa nne, nikakuta yuniti 3 na ushee.

Kisu cha Nakawa
Mpishi kamaliza ya jikoni, mimi niseme ya bucha, ndiyo kazi yangu. Hapa ukiomba kidari wengine watakukodolea macho. Sema *ekifuba*, na useme mapema unataka kipande kizima, panga lisiguse. Ukichelewa utakuta kimeshawekwa kwenye gogo na kupigwa vipande pamoja na mifupa, na hapo umebaki na nyama ya mchuzi. Chagua chenye mafuta kidogo juu. Ng'ombe wetu wa majani hawana mafuta yaliyopenya ndani ya nyama kama wale wa Marekani mnaowaona kwenye video wakiokwa wazi bila tone la maji. Ukiiga vile na kidari cha huku, utapata ulichokipata.

Halafu kuna jambo ambalo wateja hawalipendi. Nyama ya leo si nzuri kwa leo. Ng'ombe anachinjwa usiku, alfajiri yuko bucha, saa sita mchana yuko sufuriani, misuli bado imekakamaa. Wewe nunua Alhamisi, weka kwenye friji sehemu ya chini kabisa hadi Jumamosi. Ila kama kwenu umeme unakatika siku nzima, usithubutu.

Kabale Baridi
Sisi wa sigiri tuendelee kusoma tu?

Mpishi wa Ziwani
Hapana bwana. Sufuria nzito, makaa machache chini, kifuniko cha bati, palia makaa juu kama wali. Ila kwenu ni juu, karibu mita 2,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ongeza saa nzima, na uwe na subira na makaa.

Mtoto wa Bombo
Kabla ya foili, ifungeni kwanza kwa majani ya mgomba, yale machanga, yapitishe juu ya moto yalegee kama ya luwombo, kile chakula cha Waganda kinachopikwa ndani ya majani. Harufu yake hamtasahau. Bibi yangu haamini oveni mpaka leo, lakini kwa hilo jani aliwahi kunyamaza.

BintiKagera
Nimerudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, wageni hawakuondoka hadi Jumatano.

Nilinunua Alhamisi. Yule wa bucha aliinua panga mara mbili, mara mbili nikapiga kelele. Jumamosi saa mbili asubuhi nikaingiza, majani ya mgomba ndani, foili nje. Saa tano nikachoma uma: ukaingia lakini kutoka ukagoma. Nikarudisha, na dakika kumi baadaye umeme ukakatika! Bannange, nilitaka kulia. Mume wangu akasema usifungue mlango. Sikufungua. Ulirudi baada ya dakika 35, oveni ikiwa bado ya moto. Kwenye saa saba kasoro uma ukaingia kama hakuna kitu.

Kukata nusura niharibu. Upande mwembamba nilianza vizuri, nikafika kwenye upande mnene vipande vikaanza kutoka kama kamba za katani.

Kisu cha Nakawa
Ni misuli miwili iliyolaliana, na mistari yake hailali upande mmoja. Ukifika hapo geuza kipande, ndipo uendelee.

BintiKagera
Ndivyo mume wangu alivyonielekeza baadaye, kumbe alikuwa anasoma huu uzi kimyakimya.

Mzee alikula vipande vinne. Hakusema neno hadi cha tatu, akauliza, "Huyu alikuwa dume au jike?" Sikuwa na jibu. Akasema mwakani ataleta wa kwake. Ule mchuzi wa chini ya trei, wenye vitunguu vilivyoyeyuka, aliumalizia kwa matoke, watoto wakakosa. Mama Wawili, papai nimelila lenyewe, lilikuwa limeshaiva.

Mama Wawili
Haya mama, hongera. Umemtuliza mzee.

Presha Tu
Swali tu, namuulizia rafiki. Hizo nyuzi 150 ni moto wa chini peke yake au juu na chini?

Mpishi wa Ziwani
Juu na chini, feni ikiwa imezimwa. Ukiwasha feni shusha hadi 130. Msalimie huyo rafiki.