Naomba ushauri: mtoto akisikia "ya kutisha" katika Zaburi 139:14

Shalom wapendwa. Sisi walimu wa Shule ya Jumapili hapa Malindi tunafundisha watoto wa miaka 6 hadi 9 kuhusu thamani yao mbele za Mungu. Tunasoma Mwanzo 1:27 (Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake) kwa dakika 10, kisha kila mmoja anafungua boksi la viatu lenye kioo ndani na kujiona. Hapo wanaelewa. Shida ni Zaburi 139:14: tafsiri iliyozoeleka inasema nimeumbwa kwa jinsi ya "ajabu ya kutisha", na mwenye kovu la moto anasikia kwamba sura yake inatisha! Maana ni kicho, yaani heshima kuu, si woga. Mnawaelezaje? Peremende kwa anayekariri wa kwanza tumeziacha, kwani wa mwisho hujiona hafai. Badala yake mnatumia nini?