Wamechukua kitara cha babu ilhali sheria yao wenyewe inaturuhusu kuwa nacho!

Wakuu, salaam. Nimekasirika na sitaki kuficha.

Shangazi yangu anaishi England. Nyumba yake iliingiliwa na wezi, akapiga simu polisi. Wamekuja, mwizi hawakumkamata, wakaondoka na kitara cha marehemu babu kilichokuwa kimetundikwa sebuleni! Hoja yao: ni upanga uliopinda, bapa limezidi sentimita 50, kwa hiyo ni silaha iliyopigwa marufuku.

Marufuku ipo kweli, sibishi. Tangu Aprili 2008 panga za aina hiyo haziruhusiwi kuuzwa wala kuingizwa nchini, maana watu walikuwa wakishambuliana kwa zile za bei chee za kuiga za Kijapani. Na tangu Julai 2021, kwa England na Wales, hata kuwa nao ndani kwako ni kosa. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na afisa aliyesoma mstari wa kwanza akafunga kitabu. Kanuni hizo hizo zinautoa kwenye marufuku upanga uliotengenezwa kabla ya 1954. Uliofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi nao umo kwenye msamaha, hata ungekuwa umetengenezwa mwaka jana.

Anasema alete risiti. Risiti! Nani angemwandikia babu risiti Zanzibar ya enzi zile? Kitara alikirithi kwa baba yake, aliyekuja nacho kutoka Oman. Tunayo picha ya harusi ya babu, ya studio, kavaa joho na kilemba, mkono juu ya mpini, na nyuma pameandikwa 1937 kwa wino. Mpini umezungushiwa uzi wa fedha, na uzi umekatika karibu na pale kinapokaa kidole gumba. Kwenye picha umekatika pale pale! Shangazi kaipeleka kituoni, kaambiwa picha si ushahidi.

Si kweli. Sheria inasema mshtakiwa akileta ushahidi wa kutosha kuibua hoja kwamba upanga ni wa zamani, ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kinyume chake, tena bila kuacha shaka. Mzigo ni wao, wamembebesha mama mtu mzima anayetembelea mkongojo.

Masingasinga walipigania kirpani zao, yaani silaha zao za kidini, mpaka sheria ya 2019 ikaweka kifungu cha kuwalinda hata wanapomtunuku mtu kirpani kubwa kwenye sherehe. Hongera zao, ni haki yao. Wanaoigiza vita vya kale wana msamaha wao wakiwa na bima, makumbusho nayo yana wake. Sisi msamaha tunao, upo wazi kabisa, lakini tukiona sare tunanywea, tunasaini kila tunacholetewa. Shangazi kaletewa fomu ya kukubali kitara kiteketezwe. Alhamdulillah hakusaini, alinipigia kwanza.

Kwa hiyo nyie mlio huko na vitara vya wazee ukutani, vipigeni picha leo, pamoja na picha zozote za zamani zinazovionyesha, na fomu ya kuteketeza msisaini kabla ya kuona wakili. Na kama kuna anayemjua wakili aliyewahi kusimamia kesi ya silaha za kale huko England, naomba aje PM. Haraka, tafadhali, kabla hawajakiyeyusha.