MJADALA: Altezza iliyoshushwa ishindane na nani?

Mleta hoja, Mwanakwerekwe
Asalaam alaykum jamaa. Wapenda magari wa hapa Unguja wanataka kuanzisha siku ya koni: lami ya wazi, dereva anapita peke yake huku saa inahesabu, akiangusha koni anaongezewa sekunde 2. Ugomvi umeanzia kwenye madaraja. Wengi wanataka magari yagawanywe kwa cc tu, yaani ukubwa wa injini. Mimi naona hiyo ni dhulma. Chukueni Toyota Altezza RS200 mbili, zote cc 1998. Moja iko kama ilivyotoka kiwandani, nyingine imeshushwa chini kwa springi fupi, ina tairi laini na kontroboksi, ile kompyuta ya injini, imechezewa. Kwa cc ni pacha. Kwenye koni huyo wa pili anamwacha mwenzake vibaya, maana pale gari halipati nafasi ya kukimbia, ni kukata kona na kufunga breki mwanzo mwisho.

Wamarekani wa SCCA, klabu yao ya mashindano ya magari, wanaangalia kilichobadilishwa. Ukiweka shokomzoba nyingine unabaki daraja la Street. Ukigusa springi umeshatoka, unapanda Street Touring, hata kama springi umezipata kwa bei ya kutupa. Na sisi tufuate hivyo.

Fundi, Amani
Kaka, mpango huo unataka ujue gari lilitokaje kiwandani. Magari yetu ni mtumba wa Japani! Linashuka melini limeshashushwa na mwenyewe wa kwanza, ekzosi si yake, springi zimekatwa. Mnunuzi hajui lolote, yeye kapenda lilivyokaa. Utamwita mwizi? Tena kitabu cha SCCA kimepangwa kwa magari yaliyouzwa kwao. RS200 ya injini ya 3S-GE haikuuzwa Marekani, wao walipata Lexus IS300 ya silinda 6. Utaitafuta ukurasa gani?

Mie nasema cc, na yenye tabo, ile inayoisukumia injini hewa iwe na nguvu zaidi, izidishwe kwa 1.7 kama FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari. Impreza ya cc 1994 inakuwa kama 3390, inawaachia watoto uwanja wao. Cc zimo kwenye kadi ya gari, hakuna wa kubisha.

Binti Chake
Kadi, fundi? Wewe ndiye unayebadilisha injini za watu halafu unatutajia kadi! 😂

Angalieni tairi. Ubavuni huwa pana neno TREADWEAR na namba. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini, unashika lami na unakwisha upesi. SCCA wameweka 200 kuwa mwisho wa chini kwa Street na Street Touring. Anayekuja na chini ya hapo apande juu, awe na Vitz asiwe na Vitz. Hakuna haja ya mtu kulala chini ya gari na tochi.

Fundi, Amani
Dada yangu, hiyo namba ni sharti la Marekani. Tairi zilizotengenezwa kwa soko la Japani si lazima ziwe nayo. Na tairi za mtumba tunazofunga hapa zinatoka wapi?

Kijana wa Bububu
Mbona mnajichosha. Kila daraja lipewe kizidisho, namba ya kuzidishia muda wa dereva. Tuseme wa chini ana 0.82, akipita kwa sekunde 50 anahesabiwa 41. Wa juu ana 0.90, akipita kwa 47 anahesabiwa 42.3. Wa chini kashinda, kwisha.

Mleta hoja, Mwanakwerekwe
Bububu, hiyo 0.82 nani kaipanga? Wenzetu wanavitoa vizidisho kwenye matokeo ya mashindano mengi ya nyuma. Sisi hata koni hatujanunua. Na bado lazima ujue gari liko daraja gani kabla hujazidisha.

Hoja ya mtumba naikubali, fundi, imenibana. Basi tuache habari ya nani kabadilisha, tukague lilivyo siku hiyo. Likiwa limeshushwa, limeshushwa, awe ni wewe au Mjapani. Tairi isiyo na namba ihesabiwe laini hadi mwenyewe alete ushahidi. Anayeona kaonewa arudishe springi za kawaida, zinapatikana Dar na boti inazileta. Tabo ya kiwandani ipige hiyo 1.7.

Kinachonishinda ni Swift ya cc 1586 iliyotiwa tabo hapa hapa kwa fundi. Ukizidisha 1.7 inapata kama 2696, inaingia na magari yenye injini kubwa na uzito mkubwa, nayo ni nyepesi kuliko yote. Binti Chake, hiyo utaiweka wapi?

Binti Chake
Na Impreza. Mwenye kutia tabo kataka makubwa mwenyewe.

Fundi, Amani
Subirini kwanza, hiyo Swift ni ya mteja wangu.